Barua kwa mwanangu: Wanafunzi wako waje masika

Mwanangu mpendwa,

Hapa Igombe, Mwanza, sote wazima. Meseji yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema ukirudi kutoka Denmark kufundisha chuoni hutaki wanafunzi wako wangojee wiki za fildi, yale mafunzo ya vitendo ya likizo. Unataka tatizo la mwaloni, hapa tunaposhushia na kuanika dagaa, liingie ndani ya kozi yenyewe, walishughulikie muhula mzima na walipatie alama. Ndipo ukauliza: "Mama, mtawapokea, au tutawasumbua tu?"

Tutawapokea. Ila waje masika.

Wanafunzi wa fildi hutufikia kati ya Julai na Septemba, vyuo vikiwa vimefunga. Jua la miezi hiyo unalijua: dagaa ukiwaanika asubuhi, jioni unawazoa wakiwa wakavu, wanachakarika kama majani. Mtoto wa watu anafika na dodoso lake: "Mama, changamoto zenu ni zipi?" Namjibu mtaji. Kila mtu hapa hujibu mtaji. Anaandika, anashukuru, anaenda zake. Tatizo lenyewe linakuja Machi, wingu likikaa siku tatu, dagaa wanaanza kunuka juu ya chanja na tunaishia kuwauza kwa bei ya kutupa, wakawe chakula cha kuku. Wakati huo hao wanafunzi wako darasani, wanafundishwa jinsi mazao yanavyopotea baada ya kuvunwa!

Mmoja tu ndiye aliyeiona mvua. Chuo chao kilichelewa kufungua, vuli ikamkuta kwetu. Kijana mpole, anakula ugali kama hana haraka ya maisha. Alinunua daftari la kaunta akawa anaandika kila shilingi yangu: ndoo ya dagaa wabichi, wabebaji, waanikaji, turubai, ushuru, nauli ya gunia mpaka soko la Mwaloni Kirumba. Siku moja akaiomba ile ndoo tunayopimiwa mtumbwini, akakaa nayo kwenye mchanga akiijaza maji kwa chupa ya lita moja. Imeandikwa lita 20. Chupa ya kumi na nane haikuisha, ndoo ikafurika. Tukaipindua: kitako kilikuwa kimepashwa moto kikasukumwa ndani, kimefanya kichuguu. Na mimi nilikuwa nanunulia ndoo hiyo miaka mingapi? Tajiri wa mtumbwi alininunia wiki nzima, kisha akaleta nyingine.

Daftari hilo ninalo bado. Ndilo lililonionyesha kwamba gunia la wakati wa mvua nilikuwa naliuza kwa hasara huku nikijisifu nimeuza. Siku hizi wingu likitanda nawakaanga nusu badala ya kuwaanika wote.

Sasa sikia lililoniudhi. Msimamizi wake alikuja mara moja, akasaini kitabu cha fildi juu ya boneti ya gari, akageuza. Hata chanja hakuiona. Kijana alinipigia baadaye akaniambia amepata alama sawa na mwenzake aliyekaa ofisini siku zote akitoa fotokopi. Mimi sijui kusahihisha ripoti, na wala sitaki. Lakini mngeniuliza huyu mtoto kafanya nini, ningewaonyesha ndoo.

Umeniandikia kwamba huko Aalborg, Denmark, chuo kimefundisha hivyo tangu kilipofunguliwa mwaka 1974, karibu nusu ya muhula ni mradi, wanafunzi wako kwenye makundi na tatizo mara nyingi linatoka kiwandani au manispaa. Mwaka huohuo, mwanangu, TANU ilikaa hapo Musoma ikatoa Azimio la Musoma: mtu akimaliza kidato cha sita akafanye kazi kwanza, ndipo achaguliwe kwenda chuo kikuu. Mjomba wako ni wa enzi hizo. Alianza kwenye kinu cha pamba, akaenda chuoni na kichwa kilichojaa maswali ya kile kinu, na mpaka leo analalamika kwamba hakuna mwalimu aliyemuuliza hata moja. Kwake kazi iliwekwa kabla ya masomo. Kwa huyu kijana wa daftari iliwekwa likizo. Wewe unataka kuiweka katikati, na hapo niko nawe.

Ila arobaini kwa mkupuo, hapana. Watakanyaga dagaa. Wagawe watano watano: wengine Kayenze, wengine Mwaloni kwa wafungashaji wa magunia ya Kongo. Viwanda vya minofu ya sangara utawaomba mwenyewe. Kule hata kuingia getini ni barua tatu. Na wasije kuuliza maswali wakati wa giza, zile siku ambazo mwezi hauonekani usiku. Giza tunakesha kusubiri mitumbwi, mchana tunaanika, nani ana muda? Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalala, vikao ndipo vinapofanyika. Giza waje kushika kazi, wawe na mabuti.

Halafu kuna kikaushio cha nailoni tulichoachiwa na kundi jingine, wa chuo kingine. Kilikuwa kinapokea ndoo moja tu, na mimi kwa siku naanika thelathini. Wenyewe walishapata alama zao wakaondoka. Kuku wanatagia humo. Usikitupe. Kundi lako la kwanza lianzie hapo, watuambie kwa nini kilishindwa, na kundi la mwaka unaofuata lipokee walipoishia, siyo kila mwaka tuanze kujibu "mtaji" upya.

Nimeshaongea na viongozi wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia mwalo, hawana kipingamizi. Mwenyekiti anataka kujua kama wanafunzi watajilisha wenyewe au watasubiri bumu, ile pesa yao ya mkopo. Nijibu hilo mapema, kwa sababu ugali wa watu watano miezi minne si wa kubahatisha.

Wabeja sana kwa picha za theluji. Hilo koti uliloazima usilirudishe bado.

Mama yako