Mtetemo wa treni usikunyime usingizi, uliza udongo umepimwa wapi

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Karibu na stesheni ya treni za chini ya ardhi kunapangwa kujengwa jengo la ghorofa 45, fleti za kuuza, kila mtu na hati yake. Nimeshatoa malipo ya awali ya fleti ya ghorofa ya 31, na sasa silali. Treni zinapita kutwa kucha. Je, mtetemo wake hautalegeza msingi polepole mpaka jengo lianguke? Dalali ananiambia nisihofu, udongo wa pale ulishapimwa wakati stesheni inajengwa, na stesheni yenyewe haijapata hata ufa. Tena watatandika mpira chini ya jengo. Nitulie?

JIBU: Marahaba. Kuhusu treni, tulia. Kuhusu hayo maneno ya dalali juu ya udongo, usitulie hata kidogo.

Mtetemo niumalize haraka, maana hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Mwili wa binadamu ni mwepesi wa kuhisi kuliko jengo. Ukiwa umekaa kimya nyumbani, utaanza kuhisi mtetemo wa takriban milimita 0.3 kwa sekunde. Viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wengi huvirejea, vinaanza kuhofia nyufa ndogo za plasta kwenye nyumba za kawaida mtetemo unapofika milimita 15 kwa sekunde. Plasta, si nguzo. Kwa hiyo treni itakukera muda mrefu sana kabla haijaligusa jengo. Na ule mpira upo kwa ajili ya kero hiyo. Katikati ya miaka ya 1960, jengo la fleti la Albany Court huko London liliwekwa juu ya vipande vya mpira, jirani na stesheni ya St James's Park, ili ngurumo za treni zisipande vyumbani. Unakulindia usingizi. Kuhusu kutitia, mpira hauna la kusema, na anayekuuzia mpira kama dawa ya msingi anakuchezea.

Sasa hilo la stesheni. Limenichosha. Nalisikia kwa madalali, kwa wenye viwanja, na kwa aibu kubwa nalisikia hata kwa watu wenye mihuri ya uhandisi: "Stesheni imesimama miaka yote hii, maana yake ardhi ni imara."

Fikiri stesheni ya chini ya ardhi ni kitu gani. Walichimba udongo, tuseme kina cha mita 20. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa karibu tani mbili, kwa hiyo kwenye kila mita ya mraba waliondoa kama tani 40. Kisha wakaweka sanduku la zege ambalo ndani yake ni hewa tupu. Mara nyingi sanduku hilo ni jepesi kuliko udongo uliotoka. Penye maji mengi ardhini, wasiwasi wa mhandisi wa stesheni huwa ni kwamba itaelea, isukumwe juu! Ardhi iliyo chini yake imetuliwa mzigo. Jengo lako linakuja kufanya kinyume chake: ghorofa moja ya zege hukandamiza kwa tani moja hadi moja na nusu kwa kila mita ya mraba. Zidisha mara 45. Ardhi iliyombeba mtoto mgongoni leo inaambiwa imbebe tembo, na ushahidi unaotolewa ni kwamba haikulalamika kuhusu mtoto.

Na yale mashimo ya kupimia udongo ya wakati ule yalichimbwa kufuata njia ya reli, kwa kina kilichohitajiwa na reli. Jengo lenye kitako cha upana wa mita 40 hukandamiza udongo mpaka mita 60 au 80 kwenda chini, na likisimama juu ya nguzo ndefu za msingi, uzito unashushwa chini zaidi. Kama huko chini kuna tabaka la mfinyanzi laini na hakuna aliyelifikia, hakuna anayejua litafanya nini. Mfinyanzi una ubaya wake: hautitii siku ile ile. Hukamuliwa maji kidogo kidogo, kama godoro lililolowa likikaliwa, na kazi hiyo inaweza kuchukua miaka. Utakuwa umeshahamia, umeshatundika mapazia.

San Francisco wanalijua hili. Millennium Tower, ghorofa 58, fleti za kuuza, lilikamilika 2009. Nguzo zake za msingi ziliishia kwenye mchanga mgumu, hazikufika kwenye mwamba, na chini ya mchanga ule kuna mfinyanzi. Mwaka 2016 wenye fleti wakasikia kuwa jengo limetitia zaidi ya sentimita 40 na linainama. Pembeni yake kilikuwa kinajengwa kituo kikuu kipya cha usafiri. Wajenzi wa jengo wakalaumu shimo la kituo na maji yaliyovutwa kutoka humo. Wenye kituo wakajibu kuwa jengo lilianza kutitia kupita kiasi kabla hawajachimba. Kesi zikafuata. Marekebisho, nguzo 18 zilizoshushwa mpaka kwenye mwamba, yalimalizika 2023. Katika mabishano yote hayo, treni hakuna aliyeisingizia.

Mara moja niliwahi kuletewa ripoti ya udongo ya jengo refu. Jalada lilikuwa na jina la kiwanja husika. Nilipofungua ramani ya mashimo, ilikuwa ya kiwanja kingine kabisa. Walibadilisha ukurasa wa mbele tu. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa viwanja vimepakana. Tabaka za ardhi hazisomi mipaka ya viwanja. Mto wa kale uliofukiwa unaweza kupita chini ya kimoja na kukikwepa cha pili.

Kwa hiyo, kabla hujaongeza malipo, omba kuona ripoti ya udongo ya kiwanja chenyewe: mashimo mangapi, yako wapi, yameenda kina gani, nguzo za msingi zitaishia kwenye nini, na jengo linatarajiwa kutitia sentimita ngapi. Kila jengo hutitia kiasi. Anayekuambia lake halitatitia hajui kazi yake. Kinachotisha ni upande mmoja kutitia kuliko mwingine.

Na ninyi wenye nyumba za kawaida kuzunguka mradi kama huu, msitazame juu tu kwenye urefu wa jengo. Tazameni shimo. Shanghai, Juni 2009, jengo la ghorofa 13 ambalo halijahamiwa lilijilaza chini zima zima na kuua mfanyakazi mmoja. Upande mmoja walichimba shimo la maegesho lenye kina kisichofika mita 5, upande wa pili wakarundika udongo kufikia mita 10, na udongo ukasukuma nguzo zikavunjika. Pampu zikianza kuvuta maji shimoni, ardhi ya jirani nayo inaweza kushuka. Pigeni picha za kuta zenu, ndani na nje, zenye tarehe, kabla mashine ya kwanza haijaingia, na mdai kwa maandishi vipimo vya kushuka kwa ardhi kila wiki. Fundi akija baada ya nyufa kutokea na kuwaambia zitaisha kwa plasta mpya, mwambieni asubiri shimo lifungwe na pampu zizimwe kwanza.