Redio yangu ya DAB haipati kitu

SWALI: Shikamoo fundi. Jumamosi nilinunua redio ya mtumba Kiboroloni, ya boksi la mbao, imeandikwa DAB. Nikifika nyumbani Kibosho nikaiweka upande wa DAB, inatafuta mpaka mwisho halafu kioo kinaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna huduma. FM nayo inakoroma, antena imekatika. Nimeuziwa mbovu? Na DAB ni nini hasa?
– Msomaji, Kibosho

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujapigwa. DAB ni matangazo ya redio ya dijitali. Redio yako ni nzima: imetafuta matangazo hayo, imeyakosa, ikakwambia ukweli. Neno DAB kwenye boksi haliwezi kuigeuza FM ikawa dijitali. Lazima stesheni yenyewe irushwe hivyo kutoka mnarani, kama televisheni zilivyohamia dijitali huku kwetu mwaka 2013. Kule analojia ilizimwa, ndiyo maana kila nyumba ikahangaikia king'amuzi. FM yetu haikuguswa.

Hiyo yako bila shaka imetoka Ulaya. BBC walianza kurusha DAB mwaka 1995. Norway ndio waliokata kamba kabisa: mwaka 2017 stesheni zao za taifa zilitolewa FM eneo moja baada ya jingine, redio nyingi za wazee zikabaki mapambo ya kabatini.

Kwenye FM kila stesheni ina masafa yake, kama bodaboda na abiria wake mmoja. DAB ni Coaster. Sauti inageuzwa tarakimu, inabanwa, kisha stesheni kumi au zaidi zinapakiwa kwenye kipande kimoja cha masafa chenye upana wa megahezi 1.5. Wewe unachagua jina kwenye kioo, redio inakushushia abiria wako tu. Coaster hilo linapita kati ya megahezi 174 na 240, zilikokuwa televisheni za VHF za zamani. FM iko chini, 87.5 hadi 108.

Kinachonifurahisha mimi ni jinsi mzigo unavyogawanywa. Unasambazwa kwenye mawimbi madogo 1,536 yanayokwenda bega kwa bega, kila moja kwa mwendo wa taratibu. Wewe wa mlimani utaelewa haraka. Wimbi la FM linakufikia moja kwa moja, na pacha wake anakuja amechelewa baada ya kugonga ukingo wa korongo. Wakikutana, sauti inakwaruza. Unasogeza redio hatua moja, inatulia. DAB huacha mwanya mdogo ili mwangwi upite kwanza, kwa hiyo pacha mchelewaji haharibu kitu. Ila mawimbi yakiwa hafifu mno haikoromi kama FM. Inabubujika kama makande jikoni, halafu kimya.

Nisikucheke, nami nina ugonjwa huo. Miaka ya 2000 mwanzoni nilinunua redio ya satelaiti, ile yenye antena bapa unayoielekeza angani. Sauti ilikuwa safi mno. Kampuni ikafilisika, matangazo yakakatika, na mpaka leo hapa Ngarenaro naikandamizia risiti zisipeperuke.

Ukitaka redio ya dijitali leo, anza na king'amuzi: vingi vina kitufe cha redio kwenye rimoti, na watu wana miaka hawajawahi kukibonyeza. Njia ya pili ni simu. Stesheni inayorushwa mtandaoni kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula MB 29 hivi kwa saa, piga hesabu na bando lako. Kama redio yako ina tundu la waya wa simu, pitishia humo. Boksi la mbao lina besi ambayo simu haiwezi kuitoa. Na ukikutana na nyingine imeandikwa DRM, hiyo ni dijitali ya aina nyingine, hutumika hasa kwenye masafa mafupi na ya kati. Redio ya DAB pekee haiisomi.

Sasa antena. Kata waya wa sentimeta 75, ambayo ni robo ya wimbi la megahezi 100. Menya ncha moja, uizungushe kwenye kisiki cha antena kilichobaki mpaka ishike chuma, kisha usimamishe waya dirishani, upande unaoangalia Moshi mjini. FM itatulia. Akitokea fundi wa kutaka kukuwekea "kifaa cha kuamsha DAB", mpe chai aende zake.