Unaanza safari za Zambia na Kongo? Soma haya kabla hujakabidhiwa gari

Wadogo zangu mnaotaka kuingia kwenye gari kubwa, wengi mnaniuliza kwanza mshahara, wengine mnauliza Scania na Howo ipi bora, nimeona niandike yote sehemu moja maana nina miaka mingi kwenye hii njia ya Dar kwenda Kolwezi kule Kongo na nimeshaona vijana wazuri kabisa, usukani wanaujua, wanaachishwa kazi au wanafia mlimani kabla hata mwaka haujaisha. Na sio kwamba hawajui kuendesha. Ni haraka. Hii kazi sehemu kubwa ni kusubiri, unasubiri kupakia, unasubiri mizani, unasubiri boda, unasubiri kushusha, sasa yule asiyeweza kusubiri ndo anaenda kuufidia ule muda barabarani na barabara haina msamaha huo.

Karatasi ntazipita haraka. Leseni daraja E, cheti cha mafunzo ya magari makubwa cha NIT au VETA (kampuni nyingi siku hizi bila hicho hata hawakusikilizi), pasipoti, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Hapo usichanganye na ile Yellow Card ya COMESA, ile ni bima ya gari ya kuvukia nchi nyingine na inakaa na kadi ya gari. Piga picha kila karatasi weka kwenye simu, alafu tuma na kwa mtu nyumbani. Simu ikiibiwa Nakonde, boda ya kuingia Zambia, utanishukuru.

Sasa kupakia. Kijana mgeni akifika bandarini au ghalani anaenda kulala kwenye kebini anawaachia wapakiaji, anasema mzigo sio wangu. Mzigo ni wako tangu pale unaposaini. Kuanzia hapo Vigwaza, kisha Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba, kote huko kuna mizani na wanaangalia uzito wa jumla na pia kila ekseli imebeba nini. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu mpaka tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, lakini hii semi ya kawaida ya ekseli 6 hesabu yake ni tani 8 mbele, 18 kwenye difu mbili (zile ekseli mbili za nyuma za kichwa), 24 kwenye tela ya ekseli tatu, jumla 50. Kuna uvumilivu wa asilimia 5 lakini ni kwa ekseli tu, kwenye jumla hakuna. Kwa hiyo unaweza ukawa na jumla nzuri kabisa na bado ukazuiwa kwa sababu mzigo umerundikwa mbele ya tela. Simama pale, angalia mifuko ya salfa inavyopangwa, sema na kiongozi wa wapakiaji kwa heshima, hao watu wanachoka na jua kama wewe. Na ukipewa tenki elewa kwamba mafuta yanacheza, ukikata kona kwa nguvu yanahamia upande mmoja yanakulaza chini hata kama spidi unaona ndogo.

Mikumi, pale hifadhini barabara inapita katikati ya wanyama kama kilomita 50 na faini za kugonga zinahesabiwa kwa dola, twiga au tembo ni maelfu. Vibao vya spidi vya pale vifuate, hasa jioni na usiku, swala akiruka mmoja jua wenzake wanafuata.

Milima nataka niizungumze kwa kirefu kwa sababu hapo ndo tumezika wenzetu wengi. Kitonga kila mtu anaiogopa, na ni sawa, ila ukienda unaipanda. Kasheshe yake ya kwenda ni kukosa gia katikati ya kona, gari linazima, linaanza kurudi nyuma na nyuma yako kuna basi. Ingia na gia ndogo tangu chini na usibadilishe kwenye kona kwa sababu tu mwenzio anakupigia honi. Kurudi ndo unaishuka na shaba mgongoni. Kanuni ni ileile waliyotufundisha wazee: gia ya kushukia unaichagua kabla hujaanza kushuka, na iwe ileile ambayo ungepandia au ndogo zaidi. Egzosi breki au retada (zile zinazopunguza mwendo bila kutumia breki za tairi) inafanya kazi ya kwanza, mguu unasaidia tu, unakanyaga, unapunguza spidi, unaachia, breki zipoe. Usikanyage ukashikilia mlima mzima. Ukishikilia, ngoma za breki zinapata moto, breki inakuwa ipo lakini haikamati, na hapo hata ukisimama juu ya pedeli na miguu miwili haisaidii kitu. Geji ya upepo wa breki iangalie kama unavyoiangalia kioo. Ukisikia harufu ya kuungua tafuta pa kusimama mapema, weka mawe au magogo kwenye tairi, subiri. Usimwagie maji ngoma ya moto, inapasuka. Na ukiondoka yatoe yale mawe barabarani jamani, nawaomba kabisa, yule wa bodaboda anayekuja usiku hayaoni.

Kushuka na fri ili kuokoa mafuta, yaani nyutro, nikisikia kijana anafanya hivo roho inaniuma. Lita ngapi hizo? Lita tano? Unaziuza bei gani ulinganishe na maisha ya watu?

Alafu milima inayoua kimya kimya sio Kitonga. Ni kule Mbeya. Ukishaipita Makambako barabara inakuzoesha, unaona tambarare, unajisahau, alafu zinakuja Inyala, Mlima Nyoka kabla ya Uyole, na ukishatoka Mbeya mjini kuna Iwambi kushukia Mbalizi. Ubaya wa hii miteremko ni kwamba inaishia kwa watu, chini kuna stendi, kuna soko, kuna watoto wa shule wanavuka. Gari likikukataa pale hufi peke yako. Mimi kabla ya Iwambi nasimama juu, nakagua upepo, nagonga tairi zote, nazunguka gari zima ndo nashuka, na waliokuwa nyuma yangu wakinipita wakicheka nawaacha wapite.

Ukungu wa Mafinga na Makambako nao, mwezi wa sita na wa saba asubuhi huoni hata boneti, na baridi yake sio ya Dar. Nunua blanketi la maana. Usiingize jiko la mkaa ndani ya kebini upate joto, hata limebaki majivu, kuna watu wamefunga vioo wakalala na hawakuamka.

Usingizi. Ukianza kusahau ulipopita, kwamba hiki kijiji nimekipita saa ngapi, ushalala hapo macho wazi. Simama. Sio kesho, sio kwenye kituo kinachofuata. Mirungi usiguse, kwanza kisheria ni dawa za kulevya na pili haikuondolei usingizi, inakuahirishia alafu unakuja wote kwa pamoja ukiwa na spidi 80. Kuna madispacha, wale wa ofisini wanaofuatilia magari, sisemi wote, watakupigia saa nane usiku mbona gari limesimama, mteja analalamika. Mjibu kwa adabu, bosi nimechoka napumzika masaa matano nitaendelea saa moja asubuhi. Mwambie sehemu ulipo na namba ya kilomita. Anayekasirika atakasirika, lakini kwenye jipiesi itaonekana ulisimama na ulisema, na hakuna kampuni yenye akili inayomfukuza dereva kwa hilo. Kama ikikufukuza kwa hilo basi umeponea hapo.

Tunduma. Hapa ndo pakujifunzia ile subira niliyoisema. Kile kituo cha pamoja na Nakonde kilifunguliwa 2019 na kweli kimesaidia, lakini mfumo ukikata au ajenti akichelewesha nyaraka foleni inarudi mpaka nje ya mji na unalala hapo siku ambazo hukuzipangia. Vijana wengi posho inaishia hapa. Unapewa hela ya safari mkononi, unaona nyingi, Mafinga umekula kuku, Mbeya umetuma za bia kwa rafiki, Tunduma siku ya tatu unaanza kukopa, siku ya tano kuna mtu anakuja dirishani anakuuliza unauza lita ngapi. Wezi wengi wa mafuta ninaowajua mimi hawakuanza na tamaa, walianza na njaa ya foleni. Kwa hiyo gawa kabla hujatoka Dar. Ya nyumbani tuma kabisa ibaki huko. Ya njiani weka. Alafu kuna hela ya kukwama, hiyo usiiguse hata mambo yakienda vizuri, ukirudi nayo ni yako. Beba mchele, unga, dagaa, mafuta ya kula, jiko dogo la gesi na madumu ya maji mawili, ule chakula unachopika ubavuni mwa tela na utingo wako, vya hotelini acha iwe siku mojamoja. Utingo naye ale unachokula wewe, ndo macho yako ya nyuma huyo.

Usiku kwenye foleni lala kwa zamu. Wanachana turubai, wanatoa betri, wananyonya tenki, na wewe umelala juu yake.

Zambia barabara ndefu ya Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje mpaka Kapiri Mposhi ni zaidi ya kilomita 700 na sehemu kubwa ni pori tu. Saa unarudisha nyuma saa moja, kumbuka ukiahidiana na mtu. Ukiharibikiwa toa pembetatu, weka na majani ya miti mbali kabisa mbele na nyuma, gari bovu lisilo na alama usiku ndo linaua huko kuliko kitu kingine. Polisi wao wanapenda ujibu taratibu na wanataka kuona riflekta zako ni safi, usianze kelele za Kariakoo.

Ukivuka Kasumbalesa, boda ya kuingia Kongo, unahamia mkono wa kulia. Hili nataka mlishike maana wengi mnaambiwa tu kwa mdomo. Gari lako usukani uko kulia, sasa unaendesha upande wa kulia, maana yake umekaa upande wa shimoni na gari la mbele yako linakuziba humuoni anayekuja. Kuovateki kwa macho yako mwenyewe haiwezekani, utingo ndo anaangalia, na kama utingo hajui au amelala basi huovateki, unafuata nyuma hata kama ni lori bovu linatoa moshi mpaka Lubumbashi. Raundabauti nazo zinageuka, mara ya kwanza kabla hujaingia mji simama kidogo uzirudie kichwani. Kitu kingine ni kurudi, ukishazoea kulia wiki mbili ukaingia Zambia alfajiri umechoka, mkono unakwenda wenyewe kule ulikotoka. Bandika karatasi kwenye dashi imeandikwa KUSHOTO. Mimi nabandika mpaka leo.

Kiswahili Lubumbashi na Kolwezi kinakwenda vizuri, cha kwao kina ladha yake lakini mtaelewana, kwa hiyo salimia watu, uliza parking ipi ina usalama, uliza mama wa chakula, hao wanajua mji kuliko ajenti wako. Ila karatasi na wale polisi wa barabarani, wenyewe wanaitwa roulage, ni Kifaransa, usisaini usichoelewa, piga simu kwa mtu wa kampuni aliyeko kule. Unachotozwa omba risiti, ukinyimwa andika tarehe, sehemu na kiasi kwenye daftari siku hiyohiyo, usisubiri ufike Dar ndo ukumbuke.

Kurudi na shaba ni kipindi cha hatari. Zile bamba zina thamani na watu wanajua. Usiseme mzigo wako, usiseme unaondoka saa ngapi, usimpe lifti mtu yeyote hata awe mama na mtoto, ndo hivo tu, inauma lakini ndo hivo. Sili, yaani lakiri ya mzigo, ikaguliwe kila unaposimama na kila unapoondoka, namba yake ilingane na karatasi.

Kuhusu mkataba, usitoke getini bila wa maandishi. Uliza mshahara ni kiasi gani na posho ni kiasi gani, visichanganywe, maana makato ya NSSF yanahesabiwa kwenye mshahara, na mchango wote ni asilimia 20, wewe hutakiwi kukatwa zaidi ya nusu yake. Angalia namba yako ya NSSF kama kweli hela inaingia, usisubiri miaka. Uliza tairi likipasuka nani analipa, mafuta yakipungua wanapimaje, ukikwama boda zaidi ya siku zilizopangwa posho inaongezwa au vipi. Akikujibu "tutaangalia" mwambie naomba tuandike.

Na mkishashusha, nyaraka ya kupokea mzigo isainiwe na kugongwa muhuri mbele yako, idadi ya vifurushi ikiwa imeandikwa, kama kuna upungufu uandikwe hapohapo na yule mpokeaji asaini. Hata kama wanakwambia nenda bwana tutatuma imeili. Kaa hapo mpaka upewe.