Mkeo kakuuliza watoto utawaacha na nani, mbona hukumjibu?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mzaliwa wa Tanga. Naishi Georgia, Marekani, na mke wangu na watoto wetu 3, mdogo ana miaka 2. Mimi nafanya kazi ghalani Jumatatu hadi Ijumaa. Mke wangu ni msaidizi wa wauguzi kwenye makao ya wazee, ana shifti za saa 12 Jumamosi na Jumapili, na kila shifti inampa kama dola 220. Wenzangu wa kazini wamenialika kwenye klabu yao ya kuwinda kulungu. Wako 14, wamekodi ekari 800 za kampuni ya misitu, ada ni dola 1,100 kwa mwaka. Ni watu wazuri, na tangu nifike huku sijawahi kualikwa na Mmarekani popote. Nyama itapunguza gharama za nyumbani, na ya ziada nitawauzia wenzetu wa Afrika Mashariki. Lakini mke wangu hapendi nifurahi. Anasema bunduki haiingii ndani, nyama yenyewe si halali, na eti watoto nitawaacha na nani. Nimeshatoa arbuni ya dola 300 ili nafasi yangu isichukuliwe. Nimshawishi vipi?
– Mwindaji Mtarajiwa

Marahaba, mwanangu.

Hilo la kutowahi kualikwa popote limenigusa. Mtu aliyekulia Tanga, jioni zake zote kuna baraza, kuna bao, kuna mtu anayemwita kwa jina la baba yake, kisha akaishi miaka bila mtu kumwambia karibu, akialikwa mara moja lazima moyo umruke. Wala sikulaumu kwa kutaka kwenda.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na sijaona mahali mkeo aliposema hataki ufurahi. Hayo ni maneno yako. Yeye kasema mambo 3: bunduki, nyama, watoto. Yote ni ya nyumba. Hili la watoto umelitangulizia "eti", kama kwamba kauliza upuuzi. Umenihesabia ekari, wanachama na ada, umetaja mpaka mshahara wa mkeo kwa shifti moja, lakini hilo swali hukulijibu. Hukumjibu yeye wala hukunijibu mimi.

Halafu hizo dola 300. Nimetafuta neno linaloonyesha kwamba mkeo anajua zimetoka, sikuliona. Kwa hiyo tusidanganyane. Huniulizi kama ujiunge. Umeshajiunga, unatafuta mtu mzima wa kukusaidia kumnyamazisha mwenzako. Kazi hiyo siifanyi.

Sasa tukae na hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Georgia msimu wa kulungu kwa bunduki huanza katikati ya Oktoba na kumalizika Januari. Hizo ni Jumamosi 12, na zaidi. Wewe Jumatatu hadi Ijumaa uko ghalani, kwa hiyo kuwinda kwako ni wikendi tu. Na wikendi mkeo yuko makao ya wazee, anawageuza watu vitandani, anawaosha, anawalisha, kwa saa 12. Anayebaki na watoto ni wewe. Ukienda porini, mkeo anaacha shifti. Jumamosi 12 kwa dola 220 ni dola 2,640. Hiyo ndiyo ada yako halisi, zile 1,100 ni nyongeza tu. Na hapo sijagusa Jumapili, wala bei ya bunduki, darubini yake, risasi, viatu, na dungu la kukalia juu ya mti. Ukisema utaweka mlezi wa watoto, basi mwite umuulize bei ya saa 12 kwa watoto 3, uiongeze hapo.

Mkeo hesabu hii aliifanya kichwani siku ulipomtajia klabu. Ndiyo maana aliuliza kwa maneno machache.

Tena klabu si siku za kuwinda peke yake. Nina mpwa wangu yuko Alabama, jirani zako hapo, yumo kwenye klabu ya namna hiyo, na nimemsikia akieleza kwa kirefu. Kiangazi, jua kali, wanaitwa siku za kazi: kufyeka njia, kukagua madungu, kulima vishamba vya ngano na shayiri ili kulungu wazoee kuja kula. Asiyefika anatozwa faini. Langoni kuna ubao wenye ramani ya eneo, na kila anayeingia anachomeka pini yenye namba yake mahali atakapokaa, ili mwingine asije akapiga risasi upande huo. Ukisahau kuchomeka pini yako, hapo unahatarisha uhai wa mtu. Na dume lenye pembe ndogo huenda huruhusiwi kulipiga, klabu nyingi zina kanuni yake ya pembe, nayo ina faini yake. Je, kanuni za hao wenzako umezisoma? Umeona jina la nani limeandikwa kwenye mkataba na kampuni ya misitu? Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja mmoja. Kampuni ikiuza ardhi au ikikata miti, klabu inakosa pa kwenda. Utatakiwa pia kutia sahihi kwamba ukiumia humlaumu mwenye ardhi, basi uliza bima inamlinda nani.

Na ekari 800 kwa watu 15, ukiwemo wewe, ukigawa, ni ekari 53 kwa kila mmoja. Wazoefu wengi hupenda kama 100. Inapofika Novemba, majike yanapohitaji dume na madume yanatembea ovyo hata mchana, kila mwanachama atataka kuwa porini Jumamosi ileile. Mgeni ndiye atakayepewa dungu la pembeni karibu na barabara. Sisemi ni watu wabaya. Nasema huenda nafasi ilikuwa wazi kwa sababu walihitaji mtu wa 15 ili ada itimie, na kabla hujatoa arbuni ungeuliza.

La kuuza nyama ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Huenda umesikia kwamba Tanzania bucha za nyamapori zimeruhusiwa kwa leseni, ukadhani dunia nzima iko hivyo. Georgia kuuza nyama ya kulungu wa porini ni kosa la jinai. Unaruhusiwa kula, kumpa jirani, kutoa sadaka kwa wenye njaa. Kuuza, hapana, hata kwa Mtanga mwenzako, hata kwa dola 5. Na kila kulungu unayempiga unatakiwa umripoti serikalini ndani ya saa 24, kwa hiyo usidhani ni jambo la kichochoroni. Nyama yenyewe si nyingi kama unavyofikiri. Dume la wastani ukishatoa ngozi, matumbo na mifupa, hubaki kilo 20 hivi, na mchinjaji wa kukukatia na kukufungia anaweza kukutoza zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2025 Georgia ilithibitisha kulungu wa kwanza, kaunti ya Lanier, mwenye ule ugonjwa unaowakondesha kulungu mpaka wafe. Haujathibitika kumwambukiza binadamu, lakini wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe. Anayekuambia kulungu ni nyama ya bure anakufurahisha.

Na makaratasi yako yakoje? Hukuniambia. Kama una ukaazi wa kudumu, sheria yao inakuruhusu kumiliki bunduki. Kama uko kwa viza ya muda, mlango ni mwembamba sana, hupiti bila leseni halali ya kuwinda. Kama huna makaratasi, usiguse hata ya kuazima kwa dakika moja. Na hata mwenye ukaazi wa kudumu akipatikana na kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini. Hao wenzako 14 wamezaliwa huko, kosa dogo litawagharimu faini. Wewe linaweza kukugharimu nchi, na mkeo akabaki na watoto 3 na shifti zake. Haya wenzako hawatakuambia kwa sababu hayajawahi kuwahusu.

Ndiyo maana hofu ya mkeo kuhusu bunduki siiiti woga wa kike. Mtu aliyekulia pwani yetu bunduki ameiona kwa askari na kwa jambazi. Kuwinda kwetu zaidi ni kwa watalii kwenye vitalu vya makampuni, na kwa Wakenya kumepigwa marufuku tangu 1977. Mwanamke huyo hajawahi kuona baba wa watoto akitundika bunduki nyuma ya mlango. Mwenye mtoto wa miaka 2 anayefungua kila droo ana haki ya kusema haiingii. Ikiwa itaingia siku yoyote, iingie ikiwa na kabati la chuma lenye kufuli, risasi zikae pengine na ufunguo wake mwingine, na kabati linunuliwe kabla ya bunduki.

Kwenye halali tu ndipo nitakuwa upande wako. Kuwinda mnyama aliyehalalishwa hakukatazwi. Ukimtaja Mwenyezi Mungu unapofyatua, na mnyama akafa kwa hiyo risasi, wanazuoni wengi wa leo wanasema nyama ni halali. Ukimfikia bado ana uhai, mchinje. Mkeo hapo ana shaka ya bure, mtoe kwa upole, na aliyempiga mwenzako asiye Mwislamu mwulizeni shekhe wenu kabla hamjapika. Lakini umeona? Katika mambo 3 aliyoyasema mkeo, hilo moja ndilo lenye jibu jepesi, nalo pia hukumjibu. Mtu aliyetaka kweli kumshawishi mkewe angeanzia hapo.

Niseme na wengine wanaosoma, maana barua za namna hii zinanijia nyingi kutoka Ulaya, Marekani na Ghuba, na zinafanana. Wanaume wetu wakivuka bahari hupoteza kitu ambacho hawakijui jina: wenzao wa jioni. Huku nyumbani mume alikuwa na baraza, mke alikuwa na mama yake, dada zake, jirani wa kumwachia mtoto akaenda sokoni. Wakifika huko, wote wawili wanabaki uchi, hakuna mama, hakuna jirani, hakuna baraza. Mume anauona upungufu wake na kutafuta wa kuuziba: klabu, mpira, gari la kushughulika nalo karakanani. Upungufu wa mkewe hauoni, kwa sababu mke ameuziba kwa mgongo wake mwenyewe. Anafanya shifti wikendi ili watoto wasilipiwe mlezi, anapika Ijumaa usiku chakula cha siku mbili, analala saa chache. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyumba inapokwenda bila kelele, mume hudhani inajiendesha, na mke akiuliza swali moja huitwa mkorofi.

Kisha kuna hili la kila mtu na akaunti yake. Wazee wetu walikuwa na siri zao, sikatai, lakini mume hakutoa pesa ya kitoweo nje bila mama wa nyumba kujua, kwa sababu sufuria ingemfichua jioni ileile. Siku hizi unabonyeza simu, dola 300 zimekwenda, na mwenzako yupo pembeni yako kwenye kochi hana habari. Ndoa ya watu wawili wasiojuana matumizi mimi naiita upangaji. Na ninyi wanawake msijione mmepona, wapo miongoni mwenu wanaotuma nyumbani kwao kila mwezi na mume hajui hata senti. Ni dhambi ileile.

Nirudi kwako. Mwaka huu usijiunge. Waambie wenzako ukweli, kwamba wikendi ni zamu yako ya watoto, na uwaombe arbuni yako. Ikirudi, mshukuru Mungu. Isiporudi, ihesabu kuwa imekwenda, usiifuate kwa 800 nyingine. Kama ni marafiki kweli, urafiki hautavunjika kwa sababu umekosa kulipa ada. Wakaribishe nyumbani kwako siku moja jioni, uwapikie pilau, waone mkeo na wanao. Mmarekani anayekualika porini hatakataa kuja mezani.

Mwaka huu soma. Kwa kuwa umezaliwa baada ya 1961, Georgia haikupi leseni ya kuwinda bila mafunzo ya usalama, labda ile ya muda mfupi sana, na kozi hiyo unaweza kuisoma kwa intaneti usiku watoto wakilala. Humo utajifunza mkanda wa kujifunga mtini, kwa maana wawindaji wengi wanaumia kwa kuanguka kutoka madunguni. Utajifunza pia kuvaa kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa, inchi za mraba 500 kiunoni kwenda juu, ili mwenzako asikudhanie kulungu. Ukimaliza, uliza kama klabu inaruhusu mwanachama kuja na mgeni kwa siku moja, mkeo akipata likizo. Jimbo lenyewe pia lina ardhi ya wazi ya kuwindia, kama ekari milioni 1, isiyo na ada ya klabu. Nenda uone kama unalipenda pori lenyewe au ulipenda kualikwa. Watu wengi huletwa porini na kampani, na saa 11 alfajiri ya baridi, peke yao juu ya mti, vidole vimekufa ganzi, wakagundua hawakuwa na haja na kulungu.

Ukilipenda kweli, mwakani kaeni wawili na kalenda ya shifti mezani. Huenda mkeo akabadilisha Jumamosi moja kwa mwezi ikawa siku ya katikati ya wiki. Huenda mkakuta mlezi. Huenda naye ana kitu chake anachokitamani ambacho hajakitaja, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Muulize hilo kwanza kabla hujataja klabu, na akilitaja, lipatie pesa na muda sawa na utakaoutaka wewe.

Leo jioni lakini, kabla ya yote, mwambie kuhusu dola 300. Usimwambie kwa simu akiwa kazini. Subiri arudi, ale, avue viatu. Atakasirika, na hasira hiyo ni haki yake, usimkatize. Akikuuliza tena watoto utawaacha na nani, mara hii mjibu.