Jibu: Mwezi unatoka doa jeupe tu

Mkuu, unasema ukipiga picha ya mwezi usiku unatoka doa jeupe tu. Hilo si kosa la lenzi. Kamera inaona giza tupu pembeni, inadhani picha nzima ni giza, inaongeza mwanga kupita kiasi. Kumbe mwezi unamulikwa na jua. Kule ni mchana! Weka kamera kwenye M (unapanga mwenyewe): ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi), sekunde 1/125 (muda wa kupokea mwanga), halafu rekebisha kidogo kidogo. Stendi, na taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise. Kwa simu, gusa mwezi kwenye skrini, ushikilie, kisha ushushe mwanga.

Ila usingoje mwezi mpevu. Jua linaupiga usoni, hakuna vivuli. Mimi huuvizia mwezi ukiwa na siku saba hivi: pale giza linapokutana na mwanga, unaona mashimo mpaka kingo zake.