Mnato wa dizeli ukiongezwa mafuta ya nazi

Kaka, ukitaka kukadiria mnato (ugumu wa kutiririka) wa mchanganyiko wako wa mafuta ya nazi asilimia 20 na dizeli 80 kwa injini ya boti hapo Tanga, usipige wastani wa kawaida. Kimiminika chepesi huvuta mnato chini sana. Tumia logi asilia (ln) ya mnato: ln ya mchanganyiko = 0.2 × ln ya nazi + 0.8 × ln ya dizeli, uwiano uwe wa uzito na vyote vipimwe kwa nyuzi 40. Nazi ikiwa 27 na dizeli 3 (kwa sentistoksi, kipimo cha mnato), unapata karibu 4.7. Wastani ungekupa 7.8, ukaanza kuihofia pampu bure. Fomula ya Refutas, wanayoipenda watu wa mafuta, inatoa kama 4.2, tofauti hiyo ndogo ikukumbushe kupima.

Linaloumbua hesabu ni baridi. Nazi tupu huanza kuganda karibu nyuzi 24, na usiku wa Julai Tanga hushuka chini ya hapo. Nazi isiyochanganyika vizuri inaweza kuziba filta wakati namba zako za nyuzi 40 ni safi kabisa.

Maji na ethanoli usiyaguse kwa fomula hii: kwa nyuzi 25 mnato wake ni sentipoizi (kipimo kingine cha mnato) 0.9 na 1.1, ila vikichanganywa karibu nusu kwa nusu hupita 2.