Metriki ni siasa, hata hapa kwetu

Kaka umeuliza mbona Wamarekani wameshindwa kuhamia kwenye metriki, yaani vipimo vya mita na kilo, wakati sisi Tanzania tulihama zamani. Sio kwamba hesabu zimewashinda, ni siasa. Mwaka 1975 Rais Ford alisaini sheria ya kuhamia metriki ila ikasema ni hiari, sasa hiari kwa mwenye kiwanda ambaye mashine zake zote ni za inchi unategemea nini, afu bodi ya kusimamia zoezi ikavunjwa 1982 enzi za Reagan, ikaishia hapo. Na hao hao ni kati ya nchi 17 zilizosaini mkataba wa mita kule Paris 1875!

Ila na sisi tusijisifu sana aisee. Nenda soko la Kilombero hapa Arusha uangalie vitunguu vinavyoshushwa kutoka Mang'ola, gunia limejazwa likaongezewa kichwa cha wavu juu mpaka linalala upande, na hiyo ndo lumbesa, mkulima kalipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza kabisa, viongozi wanakemea, lakini kule shambani mizani hakuna na tajiri mwenye fuso ndo anapanga, ukigoma anahamia kwa jirani yako vya kwako vinaoza. Mbao bado tunanunua kwa inchi, mbili kwa nne, shamba tunapima kwa eka, hizo hazimuumizi mtu. Lumbesa inaumiza. Mi nataka halmashauri ziweke mizani hukohuko shambani na ushuru ukatwe kwa kilo, hapo utaona nani anaanza kupiga kelele.